Viongozi Tisa wa Kale

Nchi ninayotaka kuwaeleza habari zake haipo popote. Kama ipo, si yenu. Na kama ni yenu, basi habari hizi mmezipata kwa mtu mwingine, kwa sababu mimi ni mtumishi wa serikali, na watumishi wa serikali hatusemi ovyo.

Jina la nchi silitaji. Kulitaja bila kibali ni kosa, na ofisi ya vibali imefungwa tangu mwenye ufunguo alipokwenda kumuuguza mkwewe. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya mchanga mwingi na mvua ya kubahatisha, na kwamba katikati ya jangwa lake kulikuwa na hekalu la miaka elfu tatu lililoitwa Matlai. Nasema "kulikuwa". Kazi yangu imenizoesha kuchagua nyakati za vitenzi kwa uangalifu.

Kazi yenyewe ni hii. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, mataifa ya nje yalitutaka tuunde Idara ya Upatanisho. Serikali ikakubali siku hiyo hiyo. Iliajiri makarani sita waliosomea sarufi, ikatupa meza na mihuri, na tangu hapo nchi imekuwa na upatanisho wa kupigiwa mfano, maana nomino na vitenzi vyetu havigombani kabisa. Wakaguzi wa nje wakija tunawafungulia mafaili. Wanakuta neno "upatanisho" kila ukurasa, wanakunywa chai, wanaondoka wameridhika. Watu waliochomeana nyumba bado hawasalimiani, lakini hilo liko nje ya majukumu ya idara.

* * *

Tulitawaliwa na Baraza la Viongozi Tisa. Walikuwa wazee tisa waliokalia viti tisa kwa miaka thelathini na ushei, na kwa muda wote huo hakuna aliyesogea isipokuwa kwenda kutibiwa nje. Mwenyekiti wao alikuwa Mheshimiwa Daktari Zuberi Kanyau, ambaye pia alijipa Wizara ya Urithi kwa kuwa aliona wenzake hawaijali. Udaktari wake ni wa heshima. Alitunukiwa na chuo ambacho yeye mwenyewe ni mkuu wake.

Mheshimiwa Kanyau alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ulikuwa neno "kiongozi". Neno hili, kama mjuavyo, limezaliwa nyumba moja na kijiko, kikombe na kiatu, na jambo hilo lilimnyima raha. Ni kweli kwamba tunasema kiongozi amefika, hatusemi kiongozi kimefika. Lakini yeye aliamini kabisa kwamba wako watu wanaosema "kimefika" wakiwa majumbani mwao. Siku moja kwenye gwaride, Meja Barawa, askari mwaminifu aliyekuwa amesimama juani tangu alfajiri, alipaza sauti: "Viongozi vyetu vimewasili!"

Mheshimiwa alishuka jukwaani mwenyewe.

"Vimewasili?" aliuliza. "Vijiko vimewasili? Mimi ni kijiko, Meja?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Mimi ni kiatu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ulimi umeteleza."

"Basi utateleza pamoja na cheo."

Barawa alikuwa Kapteni kabla bendi haijamaliza wimbo. Alipelekwa jangwani, na kuanzia mwezi huo kila askari wa nchi yetu akawa anafanya mtihani wa upatanisho. Waliofeli walikimbizwa uwanjani wakiwa wamebeba kamusi kichwani. Siwezi kusema kwamba mipaka yetu ililindwa vizuri zaidi, ila waliovuka walifukuzwa kwa Kiswahili fasaha.

* * *

Turudi Matlai. Hekalu lilijengwa kando ya kisima, na kisima hicho kilikuwa cha pekee kwa mwendo wa siku nne kila upande. Mbele yake yalisimama mawe tisa marefu yaliyochongwa nyuso, yamepangwa mstari mmoja kuelekea mbali jangwani. Wachuuzi wa chumvi waliliona la kwanza, wakalifuata hadi la pili, na hivyo hivyo mpaka wao na ngamia wao wakafika kwenye maji. Kwa sababu hiyo mawe yale yaliitwa viongozi. Mtunzaji wa hekalu, Mzee Ubwa, alikuwa akisema kwamba viongozi vya Matlai havijawahi kumpoteza mtu njia, wala havijawahi kwenda kutibiwa nje. Maneno hayo yalinukuliwa na kuwekwa kwenye faili lake.

Mheshimiwa Kanyau alipoingia Wizara ya Urithi alitangaza Sera ya Urithi Unaosafiri. Hotuba yake ninayo.

"Kitu cha thamani," alisema, "hakina haki ya kukaa mahali ambapo hakithaminiwi. Wananchi wetu wanapita mbele ya Matlai na ngamia wao, wanakunywa maji, wanakwenda zao! Huko Nchi Rafiki watu wanapanga foleni kwenye baridi ili wakione kipande cha kigae. Sasa nawauliza, kwao ni wapi? Kwao ni kule kunakothaminiwa!"

Tulipiga makofi dakika saba, kama ratiba ilivyoagiza.

Tangu hapo kila Mheshimiwa alipokwenda Nchi Rafiki alibeba zawadi. Ulianza mlango mkubwa wa Matlai, uliochongwa jua linalochomoza. Ikafuata dari iliyochorwa nyota, ikakatwa vipande mia mbili vyenye namba. Vilifika mia moja na themanini, na kule wakaipanga mbingu upya kulingana na nafasi waliyokuwa nayo. Meza ya sadaka alipewa balozi mmoja mwenye bustani. Ukuta wa mashariki ulibomolewa na tume iliyotaka kujua nyuma yake kuna nini, na ripoti ya tume inasema nyuma yake kulikuwa na jangwa.

Siku ya kung'oa mlango, Mzee Ubwa alikalia kizingiti akakataa kuinuka. Alishtakiwa kwa kosa la kukalia mali ya taifa. Wakili wa serikali alieleza mahakamani kwamba kukalia mali ya taifa kunaruhusiwa kwa watu tisa tu, na mshtakiwa hakuwa mmoja wao. Akafungwa.

Alibaki binti yake, Bi Zamda, mama wa miaka hamsini na kitu, anafagia hekalu lisilo na mlango, kisha lisilo na dari, kisha lisilo na kuta. Aliiandikia wizara barua kumi na moja. Alisema baba yake ni mzee na kifua kinambana, aachiwe arudi nyumbani, na kama haiwezekani basi yeye aruhusiwe kumpelekea maji ya kisima cha Matlai ambayo ameyanywa tangu azaliwe. Wizara ilimjibu mara moja tu. Jibu lilikuwa hivi:

"Ombi lako limepokelewa. Kwa usalama wake mwenyewe, mhusika anahifadhiwa mahali anapothaminiwa zaidi. Tafadhali usiandike tena."

Jibu hilo nililipiga chapa mimi. Nilikagua upatanisho nikaukuta sahihi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba Mzee Ubwa alikuwa amekufa siku kumi na tisa kabla, amezikwa na gereza mahali pasipo alama, na Mheshimiwa alilijua hilo wakati ananisomea maneno. Mimi nilikuja kulikuta kwenye faili baadaye. Tangu siku hiyo nilimchukia yule mtu. Nimejaribu mara nyingi kulisema jambo hili kwa lugha ya ofisi nikashindwa, kwa hiyo nalisema hivyo hivyo lilivyo.

* * *

Mwishowe Matlai ilibaki na mchanga, kisima na viongozi vile tisa. Nchi Rafiki ikavitaka. Iliahidi kwamba mahali pake itasimamisha sanamu tisa za shaba za wajumbe wa Baraza, kila mmoja na kimo chake, isipokuwa Mwenyekiti ambaye ataongezewa kidogo.

"Wazee wetu walichonga mawe tisa kwa sababu walituona tunakuja," Mheshimiwa Kanyau aliliambia Baraza. "Sasa tumefika. Mawe yapumzike."

Wachuuzi wa chumvi waliuliza watajuaje njia ya kisimani. Walijibiwa kwamba watazifuata sanamu. Walipokumbusha kwamba sanamu zote zitapangwa pamoja mahali pa kivuli, kwa ajili ya picha, waliambiwa wawe wazalendo.

Nikaagizwa niandike waraka wa kuviondoa viongozi. Niliandika kama sarufi inavyotaka, maana jiwe halina uhai: viongozi vyote tisa vifungwe, vitiwe masandukuni, vipelekwe. Mheshimiwa alisoma kila neno kama mtu anayetema mbegu za limau.

"Vyote? Vifungwe? Karani, hukusikia yaliyomkuta Barawa?"

"Nilisikia, Mheshimiwa. Lakini hapa viongozi ni yale mawe ya..."

"Kiongozi ni nani?"

"Ni mtu, Mheshimiwa."

"Na akiandikwa kwenye karatasi ya serikali?"

"Ni mtu, Mheshimiwa, lakini..."

"Hakuna lakini! Leo utaandika kiongozi 'hiki' kwa sababu ni jiwe. Kesho utaniandika mimi 'hiki' kwa sababu ni mzee. Lete kalamu."

Alisahihisha kwa mkono wake, kwa wino mwekundu, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Alipomaliza, waraka ulisomeka hivi:

"Viongozi wote tisa wa kale watakaokutwa Matlai siku ya sherehe wafungwe kwa kamba za katani, wazungushiwe majani makavu shingoni, watiwe masandukuni na wapelekwe Nchi Rafiki, ambako watahifadhiwa daima. Kiongozi wa kale ni yule aliyekaa mahali pamoja zaidi ya miaka thelathini bila kusogezwa. Wasisikilizwe watakaopinga."

"Usibadilishe hata herufi moja," aliniambia, akapiga muhuri.

"Sawa, Mheshimiwa."

Mtaniuliza kama niliona kilichoandikwa. Mimi ni karani wa upatanisho. Niliona kwamba upatanisho ulikuwa sahihi.

* * *

Sheria inataka nakala ya waraka ibandikwe mahali panapohusika, kwa hiyo siku moja kabla ya sherehe ya kuyaaga mawe nilikwenda Matlai na kopo la gundi. Nilimkuta Bi Zamda anafagia mchanga kuuondoa juu ya mchanga.

"Shikamoo, Bi Zamda."

"Marahaba. Umekuja kubandika au kuchukua?"

"Kubandika."

"Utabandika wapi? Ukuta mmeshauchukua."

Nikampa karatasi mkononi. Aliisoma. Akairudia huku kidole kinatembea chini ya maneno, kikasimama kwenye neno moja.

"Mwanangu, hili 'wafungwe' ameliandika nani?"

"Mwenyekiti mwenyewe. Kwa mkono wake."

"Na kusoma anajua?"

"Ana udaktari."

Alikunja karatasi akaitia kwenye upindo wa khanga yake. Hapo nikamwambia kwamba ile barua iliyomhusu baba yake niliipiga chapa mimi. Sijui kwa nini nilichagua siku hiyo. Aliniangalia mpaka nikatamani anipige kwa ufagio.

"Nilijua ni mtu," alisema. "Nilijua haiwezi kuwa mashine peke yake. Mashine ingekwama."

Nikafunga kopo la gundi.

"Kesho utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Ukiulizwa kitu, jibu kama unavyojibu siku zote." Kisha akachukua mundu, akaenda kukata majani yaliyoota kandokando ya kisima, akayatandaza juani yakauke.

* * *

Siku ya sherehe Baraza zima lilifika na miavuli yake. Mchonga sanamu wa Nchi Rafiki aliwapanga wajumbe mstari mmoja, kila mmoja mbele ya jiwe lake, mkono kifuani, kidevu juu. Aliwaomba wasitikisike hata kidogo ili apate vipimo. Kisha akaingia hemani kutafuta kitu cha baridi. Wazee wetu wakabaki wamesimama kimya, na nakiri kwamba kwa mara ya kwanza walipendeza.

Ndipo akaja Kapteni Barawa na askari arobaini, malori matatu, masanduku tisa na kamba. Alisalimu, akafungua waraka, akausoma. Akatazama mawe. Akatazama wazee. Jasho likamtoka, maana huyu alikuwa mtu aliyekwisha kuunguzwa na kiambishi kimoja.

Bi Zamda alikuwa karibu yake na mtumba wa majani kichwani.

"Kuna nini, afande?"

"Mama, nimeambiwa nije kuchukua mawe. Lakini karatasi inasema 'wafungwe'."

"Jiwe linafungwa. Mawe yanafungwa," alisema Bi Zamda. "Hata mimi ambaye sikusomea sarufi najua."

"Hata mimi najua!" Kapteni alipandisha sauti. "Nimefaulu miezi kumi na minne mfululizo!" Akanigeukia. "Wewe ndiye Upatanisho. Hili ni kosa la chapa?"

Nilijibu kama ninavyojibu siku zote.

"Waraka hauna kosa, afande. Umesahihishwa na Mwenyekiti mwenyewe, nikaagizwa nisibadilishe herufi."

"Neno 'mawe' liko wapi?"

"Halimo."

Kapteni alikohoa, akamwendea Mheshimiwa Kanyau, akapiga saluti.

"Mheshimiwa, samahani kwa usumbufu. Umekaa Barazani miaka mingapi?"

Mheshimiwa alijibu bila kugeuza shingo, kwa kuogopa kumharibia mchongaji vipimo. "Thelathini na minne."

"Na kuna aliyewahi kukusogeza?"

"Nani athubutu?"

"Asante, Mheshimiwa," alisema Kapteni. "Mfungeni."

Sitaeleza kila kitu, maana kwenye malori mna mambo ya siri ya jeshi. Ila nitasema kwamba kamba za katani ni nzuri. Wajumbe wanane walipiga kelele, na askari hawakuwasikiliza, kwa kuwa waraka ulikataza kusikiliza. Mheshimiwa Kanyau alipiga kelele kuliko wote.

"Kapteni, mimi ni kiongozi!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo sababu."

"Karani! Waambie! Waambie ni mawe!"

"Mheshimiwa," nilisema, "nikiwaambia ni mawe nitakuwa nimewaita viongozi vitu."

Majani ya shingoni alizungusha Bi Zamda kwa mikono yake. Hakufanya haraka. Aliyabana chini ya kidevu, akayasukumia nyuma ya masikio, taratibu, kama mtu anayefunga chungu asichotaka kivunjike.

"Mama," Mheshimiwa alinong'ona, "utakosa nini ukiniachia? Sema unachotaka."

"Mlango wa Matlai uko wapi?"

"Uko... uko mahali unapothaminiwa."

"Basi utauona. Usalimie." Aliongeza konzi moja ya majani. "Na baba yangu yuko wapi?"

Hakujibu. Nadhani hakukumbuka ni yupi. Bi Zamda alisubiri, na alipoona jibu haliji aliwapa askari ishara, wakafunika sanduku, wakapigilia misumari ubavuni wakiacha matundu ya hewa, kwa sababu sisi si watu wabaya. Mchonga sanamu alitoka hemani na soda yake, akahesabu masanduku, yakawa tisa, akatia saini.

Mimi nilifurahi. Sijawahi kujutia furaha ile hata siku moja.

* * *

Naibu wa Mheshimiwa, ambaye alikuwa amekingojea kiti miaka kumi na tisa, alisoma waraka mara moja akasema hauna kasoro ya kisarufi. Manaibu wenzake wanane wakakubaliana naye kabla hajafunga mdomo.

Nchi Rafiki iliandika kushukuru. Ilisema vitu vimefika salama, kimoja tu kimechubuka pua, na kwamba hali yake ya uhifadhi huko nyumbani ilikuwa mbaya sana, kwani vilikutwa na mafuta mengi. Vimewekwa kwenye ukumbi mkubwa nyuma ya kioo, chini ya mbingu yetu ya vipande mia moja na themanini. Vinalishwa mara tatu. Watu wanapanga foleni kwenye baridi. Kwa kuwa vina tabia ya kuhutubia, kioo kimefanywa kinene.

Mlango wa Matlai nao umo humo, umegongomewa ukutani. Nasikia Mheshimiwa Kanyau hushinda anausukuma. Nyuma yake hakuna kitu ila matofali, lakini hakuna anayemwambia, kwa sababu wageni wanapenda kumwona akisukuma.

Kuhusu Matlai, msije mkadhani nina habari njema. Dari haijarudi. Ukuta ni vumbi. Kaburi la Mzee Ubwa halijulikani lilipo, na Bi Zamda ameacha kuuliza. Yamebaki mawe tisa na kisima, na wachuuzi wa chumvi wanaendelea kufika kwenye maji. Kwa yaliyopotea, hicho ni kidogo mno, na atakayewaambia kinatosha ni mwongo.

Mwezi uliopita barua ililetwa mezani kwangu, ina mihuri ya nje. Wale tisa waliomba kurudishwa nyumbani. Walisema wao ni wazee, kifua kinawabana, na kama haiwezekani basi wapelekewe japo maji ya kwao. Naibu, ambaye sasa ni Mheshimiwa, aliniandikia pembeni: "Wajibiwe." Hakusema wajibiwe nini.

Nilimwita Bi Zamda. Alikuja na basi la asubuhi, akaketi mbele ya mashine yangu, akaisoma ile barua yote bila kubadilisha uso. Kisha, bila karatasi, akaanza kunisomea maneno aliyoyahifadhi kichwani miaka yote hiyo, nami nikayapiga chapa kwa mara ya pili maishani mwangu.

"Ombi lenu limepokelewa," alisema.

"Limepokelewa," niliandika.

"Kwa usalama wao wenyewe, wahusika wanahifadhiwa mahali wanapothaminiwa zaidi. Tafadhali msiandike tena." Kisha akasema, "Ongeza sentensi moja. Viongozi hao wabaki huko huko."

Vidole vyangu vikasimama juu ya herufi. Mazoea ni kitu kigumu.

"Bi Zamda, kwa ajili ya upatanisho tu. Niandike 'viongozi hao wabaki', au 'viongozi hivyo vibaki'?"

Aliinuka, akajifunga khanga yake vizuri kiunoni, akafika mpaka mlangoni kabla hajanijibu.

"Vibaki," alisema.